Umekuja Kumwona Nani?

Geti la reli lilikuwa limeshuka kitambo, na kengele yake ililia bila kuchoka, kama mtu anayegonga sufuria makusudi. Juu ya nguzo iliwaka mishale miwili myekundu, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Treni zinakuja kutoka pande zote mbili. Watu wa mtaa wetu wa Shimokita wakiona mishale miwili hawasumbuki tena. Mwingine atafungua kitabu, mwingine atakula mkate wake, mwingine atatazama watu.

Chizuru Inaba alikuwa anatazama watu. Alikuwa amekumbatia mzigo wa makoti kutoka kwa dobi, kidevu kimelala juu ya mzigo. Mbele yake kabisa alisimama kijana mrefu mwenye gitaa mgongoni. Alivaa koti la sufu la rangi ya chai, kola ya manyoya. Koti lilikuwa limembana mabega, na mikono yake ilitokeza nje kama ya mtoto aliyerefuka ghafla.

Chizuru alivumilia treni ya kwanza ikapita. Ya pili ikamshinda.

"Kaka, samahani. Hilo koti la kike."

Kijana akageuka. "Unasemaje?"

"Vifungo. Vyako viko kushoto. Koti la kiume vifungo hukaa kulia."

Kijana akajitazama kifuani, akagusa kifungo kimoja, halafu cha pili. "Nalivaa tangu baridi ilipoanza."

"Na hakuna aliyekwambia?"

"Hakuna wa kuniambia," alisema akicheka. Lakini kicheko kiliisha mapema, na Chizuru aliliona hilo.

"Nani kakuuzia?"

"Wale wa juu, wenye ngazi ya kijani."

"Wale? Wale wangemuuzia farasi gauni la harusi! Njoo dukani kwetu kwa mitumba nikubadilishie."

"Sibadilishi. Hili linaijua baridi yangu."

Treni ikapita kwa kishindo, ikapeperusha nywele na skafu za watu. Geti likainuka, pande mbili za watu zikaingiliana katikati ya reli kama nyuzi za mkeka. Kijana akachukua nusu ya makoti bila kuombwa.

"Naitwa Soichi. Soichi Kumagai. Naimba."

"Hapa nani haimbi?" alisema Chizuru.

Wakavuka.

*

Mtaa wetu hauna njia iliyonyooka. Vichochoro vinafuata mitaro ya mashamba ya mpunga yaliyokuwapo zamani, na gari likithubutu kuingia hutoka kinyumenyume. Kwa hiyo matajiri hawakuutaka, na vyumba vikabaki rahisi. Waigizaji wakaja, wapiga ngoma wakaja, wachoraji, washonaji, na waliokuwa bado hawajui wao ni nani. Kila mmoja alipata chumba chake kimoja, birika lake moja, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kuoga ni bafu la umma. Kulia machozi ni ndani ya mto wa kulalia, maana kuta ni mbao tupu na jirani anasikia hata ukigeuka. Jioni mtaa mzima unanuka mchuzi wa kari na kahawa ya kuungua, watu wamejaa barabarani, na karibu wote wanatembea peke yao.

Chizuru alizaliwa hapohapo. Alilelewa na bibi yake, Bibi Tome, aliyeuza achari kwenye soko la zamani ubavuni mwa stesheni. Lilikuwa soko la mabati, lenye giza hata mchana. Nusu yake ilikuwa imeshabomolewa, maana reli ilikuwa inapelekwa chini ya ardhi na stesheni mpya ilihitaji nafasi. Bibi Tome alibaki katikati ya vibanda vilivyofungwa, na mitungi yake ya figili, akimpigia kelele mtu yeyote aliyepita na kofia ya ujenzi.

Siku Soichi alipopelekwa kujulishwa, aliinama kwa heshima mpaka chini, na gitaa likainuka mgongoni likagonga taa.

"Huyu ndiye wa koti la kike?" Bibi aliuliza.

"Ndiye, Bibi."

"Lizungushe nikuone nyuma." Soichi akazunguka. "Mama yangu alianza hapahapa, vita vilipoisha. Palikuwa na matope na bati moja. Aliuza mablanketi ya askari wa kigeni. Watu wakayashona wakafanya makoti, na hawakuuliza la kike wala la kiume. Ilikuwa baridi tu." Akamkatia kipande cha figili, akamtilia mdomoni kama mtoto. "Kwenu wapi?"

"Niigata, Bibi. Baba analima matunda ya peasi."

"Na wewe umemwacha na peasi zake, ukaja kuimba."

"Ndiyo, Bibi."

"Mh. Basi imba vizuri."

Walipendana haraka, kama watu wawili waliokaa muda mrefu bila kuongea. Soichi alikaa upande wa kaskazini wa reli, Chizuru upande wa kusini. Kila jioni walikutana getini, nalo geti kwa tabia yake lilikuwa chini. Kwa hiyo mapenzi yao mengi yalifanyika kwa mbali. Yeye ng'ambo ile, mwenzake ng'ambo hii, treni katikati. Wakapeana ishara. Anayemwona mwenzake kwanza anainua mkono juu na kuuacha hapohapo mpaka aonekane. Wakati mwingine treni ilipita mabehewa yote, na ilipomalizika mkono wa Soichi bado uko juu, na watu wa pembeni yake wanamtazama kama mwendawazimu.

"Mkono haukuumi?" Chizuru humuuliza kwenye simu, wakiwa wanaonana.

"Umekufa zamani. Huu nimeuazima."

"Muongo wee."

"Leo umevaa ile sketi ya njano. Kaa hivyohivyo. Treni ikipita inakupepea."

"Soichi! Watu wanasikia!"

"Simu iko sikioni mwako, watasikiaje?"

"Wananiona navyocheka peke yangu."

*

Soichi aliimba Alhamisi, kwenye ukumbi mmoja mdogo chini ya duka la viatu. Wenyewe waliuita Panya, kwa sababu uliingiwa kwa kuinama, kama tundu. Kama kumbi zote za mtaa ule, Panya ilikuwa na swali lake mlangoni. Jioni moja hupanda jukwaani wanamuziki watano, sita. Unaposhuka ngazi, mlinda mlango hakuulizi hali. Anakuuliza, "Leo umekuja kumwona nani?" Unataja jina moja, anayetajwa anahesabiwa mgeni. Anayetajwa na wengi, wiki ijayo hupangwa mwisho, ukumbi ukiwa umejaa. Asiyetajwa hupangwa wa kwanza, huku watu bado wanatafuta pa kutundika makoti.

Soichi alipanda wa kwanza, kila mara.

"Nikuambie kitu, na usikasirike," alimwambia Chizuru siku moja, wamekaa kwenye ngazi za bafu, nywele zinafuka mvuke. "Usije Panya."

"Kwa nini? Unaimba vibaya?"

"Ukija utataja jina langu."

"Nitaje la nani sasa?"

"Hapo ndipo penyewe. Jina linalotajwa na mpenzi wako si jina. Mwaka jana binamu yangu alikuja, akanitaja, nikafurahi kama mjinga mpaka nilipoiona sura yake. Nataka mtu asiyenijua ashuke zile ngazi na aseme, nimekuja kumwona Kumagai. Mmoja tu. Nimejipa mpaka reli ifungwe. Asipotokea, narudi kwetu."

"Unarudi? Na mimi?"

Soichi alimfuta maji shingoni kwa taulo lake.

"Niahidi, Chizu."

"Naahidi," alisema Chizuru.

Alhamisi iliyofuata akavunja nusu ya ahadi. Alivaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi akashuka ngazi. Mlangoni alikaa Kuniko, mwanamke mnene aliyenyoa kichwa, anatafuna ngisi mkavu.

"Leo umekuja kumwona nani?"

Chizuru alikuwa ameshafikiria. Mwisho wa orodha siku zote alikuwa Hattori na bendi yake, walisema ni kijana mzuri, wasichana wanamfuata kama vifaranga. Mmoja akiongezeka kwake ni kama maji baharini.

"Hattori," alisema.

"Ingia, dada. Mwingine wa Hattori!"

Alisimama nyuma, kwenye nguzo, karibu na bomba linalotoa jasho. Soichi alipanda, taa zikampiga machoni. Mbele yake sakafu ilikuwa tupu. Watu wachache wa pembeni walikuwa wanaagiza bia na kumpa mgongo. Akaimba wimbo wa baba yake anayepanda ngazi msimu wa maua, akigusa ua moja moja kwa brashi ya manyoya ili lishike tunda, maana nyuki hawatoshi. Aliimba kwa sauti ndogo, kama anayemsimulia mtu mmoja. Chizuru alilia bila sauti, ujuzi alioupata utotoni kwenye vyumba vya mbao. Wimbo wa mwisho ulipoisha alipanda ngazi akaenda zake, kabla taa hazijawaka.

Akafanya hivyo kila Alhamisi, majira yote ya baridi yaliyobaki.

*

Kuniko hakuwa na ubaya. Jioni moja Soichi alikuwa anafunga gitaa lake, akamwonyesha picha kwenye simu. Chizuru na mtungi wa achari, anacheka.

"Mpenzi wangu huyu," alisema kwa fahari.

Kuniko akatazama, akaacha kutafuna. "Huyu? Mwenye kofia? Huyu si wa Hattori?"

"Wa Hattori vipi?"

"Kila Alhamisi yuko hapa. Namuuliza, umekuja kumwona nani? Hattori. Hakosi." Kisha akaiona sura ya Soichi. "Labda nimemfananisha, kaka yangu. Mimi huku gizani..."

Hakuwa amemfananisha, na wote wawili walijua.

Usiku huo huo Soichi alipiga simu.

"Mpenzi, leo ulikuwa wapi?"

Chizuru alikuwa ndiyo kwanza anavua kofia. "Nyumbani. Nashona vifungo."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Vipi, sauti yako imekuwa hivyo?"

"Baridi tu."

"Vaa koti lako la kike."

Zamani angecheka. "Lala salama," alisema.

Kesho yake Chizuru alisimama getini, mkono juu. Treni ikapita, na nyingine. Geti likafunguka, watu wakavuka, hakumwona. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Kesho kutwa tena. Hakujua kwamba Soichi alikuwa amegundua njia ya kuzunguka mbali, chini ya daraja la reli nyingine inayopita juu ya mtaa, ambako hakuna geti na hakuna wa kumngoja mtu. Ilimchukua muda mrefu zaidi na ilinuka mkojo. Alipita huko kila siku, asubuhi na jioni, akitazama viatu vyake.

Wiki ya pili Chizuru alifika kazini akakuta koti la rangi ya chai limetundikwa kati ya mengine, limeshabandikwa bei.

"Hili limetoka wapi?" alimuuliza mwenzake, Yasue.

"Kijana mmoja mrefu kalileta jana ukiwa kwa dobi. Kasema halimtoshi tena."

"Halijawahi kumtosha," alisema Chizuru. Akakata kile kikaratasi cha bei kwa meno. Yasue alitaka kusema neno, akaona afadhali akakunje suruali.

Usiku ule alilala nalo. Kwenye kola kulikuwa na harufu ya sabuni ya bafu la umma na ya nyuzi za gitaa. Alitafuta kosa lake kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, kwa kiganja, polepole, na hakuliona.

Alhamisi alishuka tena Panya. Alitaka kumwona tu, hata kwa mgongo. Lakini wa kwanza kupanda hakuwa Soichi.

"Kumagai leo hayupo?" alimuuliza Kuniko.

Kuniko akamtazama kwa macho membamba. "Anaimba kesho, siku ya kufunga reli, mara ya mwisho. Anaimba, anapanda treni, anarudi kwao. Lakini dada, wewe wa Hattori, unamuulizia wa nini? Hamjamuumiza ya kutosha?"

"Kumuumiza vipi?"

"Alinionyesha picha yako. Nikamwambia nilichokiona. Nimekosea?"

Chizuru alishika ukuta wa ngazi. Ukuta ulikuwa umebandikwa matangazo ya maonyesho ya zamani, tabaka juu ya tabaka, majina ya watu waliokuja wakaondoka kabla yeye hajazaliwa.

"Hujakosea," alisema. "Nilikwambia mwenyewe."

*

"Mlikubaliana usimtaje?" aliuliza Bibi Tome, anasugua chumvi kwenye figili.

"Tulikubaliana, Bibi."

"Basi mlikubaliana upuuzi."

"Nikimtaja atasema namhurumia. Nisipomtaja anaondoka na Hattori kichwani. Vyote viwili nampoteza."

Bibi aliendelea kusugua. Kibanda cha jirani kilikuwa kimevunjwa asubuhi ile, na mwanga wa mchana uliingia sokoni kwa mara ya kwanza tangu Chizuru apate akili. Ulimwonyesha bibi yake alivyozeeka.

"Mimi babu yako nilimngoja aseme," Bibi alisema. "Na yeye aliningoja mimi. Tukapoteza miaka ya bure tukitazamana kwenye lile geti. Kesho linaondoka. Utamngojea wapi tena?"

*

Ijumaa jioni mtaa ulikuwa umefurika. Watu walibeba kamera, watoto mabegani, wazee wakaleta viti vyao wakaketi getini kama wanaangalia harusi. Chizuru alipita katikati yao amevaa lile koti la sufu. Lilimkaa sawasawa, mabega na mikono, kama lililoshonwa kwa ajili yake.

Panya ilikuwa na foleni mpaka juu ya ngazi. Kuniko alimwona, akavuta pumzi.

"Leo umekuja kumwona nani?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Hattori?"

"Soichi Kumagai," alisema Chizuru.

"Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Chizuru akavua kofia, akapaza sauti mpaka foleni nzima ikageuka.

"Nimekuja kumwona Soichi Kumagai! Kila Alhamisi nilikuja kumwona yeye. Hattori hata sura simjui, sijawahi kubaki mpaka akapanda!"

Ndani, nyuma ya pazia, mtu aliyekuwa anafunga nyuzi za gitaa akaacha kufunga.

"Kumbe!" Kuniko alijipiga paji la uso. "Mimi nahesabu wanaoingia, dada. Wanaotoka siwatazami."

Safari hii hakwenda kwenye nguzo. Alikwenda akasimama katikati ya ile sakafu tupu, peke yake, mbele kabisa. Soichi alipanda, akamwona, akaliona na koti. Akaimba. Katika ule wimbo wa peasi sauti ilimkatika kabla ya mwisho, akaumalizia kwa gitaa tu, na watu wa pembeni waliokuwa wanaagiza bia wakageuka kutazama kuna nini.

Walikutana ngazini, begi la safari la Soichi likiwa baina yao.

"Kwa nini Hattori?" lilikuwa neno la Soichi la kwanza.

"Kwa sababu ana wengi. Hawezi kujua kaongezeka nani."

"Ukaniambia unashona vifungo."

"Ningekwambia nilikuja? Ungenisamehe?"

Soichi alifikiri kwa ukweli. "Nisingekusamehe," alisema. Akakaa kwenye ngazi, akafunika uso. "Mimi nilikuwa naimba nikitazama lile giza. Nikijiambia, mle ndani hakuna mtu. Na wewe ulikuwa mle."

"Nilikuwa mle."

"Zote umesikia?"

"Zote. Ile ya pili unaikimbiza mno."

Akacheka huku machozi yanamtoka, na safari hii kicheko hakikuisha mapema. Chizuru akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Usiende," alisema.

"Baba kaanguka kwenye ngazi ya mpeasi. Mguu haujakaa sawa, na maua yanafunguka mwezi ujao. Hata ningetajwa na mji mzima, Chizu, ningekwenda." Akamgeukia. "Twende wote."

Chizuru alitazama juu, kwenye mlango wa ngazi, palipoonekana kipande kidogo cha barabara na miguu ya watu.

"Bibi kabaki peke yake mle sokoni," alisema. "Siwezi kumwondokea na mimi."

"Hapana. Huwezi."

"Koti lako."

"Kumbe tangu mwanzo lilikuwa lako," Soichi alisema, akamfunga kifungo cha juu. Vidole vyake vilizoea upande ule.

Chizuru alimsindikiza mpaka stesheni, kisha akarudi mbio getini, akajipenyeza mpaka mbele. Kengele ikalia. Mshale mmoja tu ukawaka. Geti likashuka, watu wakapiga makofi. Chizuru aliinua mkono kabla treni haijaonekana. Mabehewa yakapita taratibu, dereva akipiga honi ya kuaga, madirisha yamejaa sura. Katika behewa la katikati, kwenye kioo cha mlango, kulikuwa na mkono umeinuliwa juu. Ukapita. Yeye akauacha wake hewani mpaka geti lilipoinuka.

*

Asubuhi treni zilikuwa chini ya ardhi, na kengele haikulia. Geti lilikuwa limeng'olewa. Hata hivyo watu walifika pale wakasimama, pande zote mbili, kwa mazoea, wakitazama kushoto na kulia. Halafu mmoja akacheka kwa aibu, wakavuka. Chizuru alikuwa anakwenda kwa dobi. Akasimama yeye pia. Ng'ambo ya pili hapakuwa na mtu wake.

Simu ikaita.

"Nimefika," alisema Soichi. Upepo ulisikika nyuma yake. "Baba ananifundisha kushika brashi. Anasema nashika kama gitaa. Uko wapi?"

"Kwenye reli."

"Geti liko chini?"

"Hakuna geti, Soichi."

"Basi vuka."

Chizuru akavuka hatua chache. Vyuma bado vilikuwa ardhini, vinang'aa, na alipofika katikati akagundua kwamba maisha yake yote hajawahi kusimama hapo. Siku zote hapo palikuwa pa kukimbia.

"Nimesimama katikati," alimwambia.

"Toka hapo!" Soichi alipiga kelele, na kule Niigata baba yake akashtuka akauliza kuna nini.

Chizuru akacheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka. Alijifuta kwa mkono wa koti. "Treni hazipo tena, mpenzi. Umesahau?"

"Peasi zikishavunwa nakuja," alisema Soichi. "Utaningojea upande upi?"

"Hapahapa," alisema Chizuru. "Katikati."

Na akaendelea kusimama, simu sikioni, wakati watu wa Shimokita wanampita kushoto na kulia, kila mmoja peke yake, wakienda zao.